Mdogo wangu ana pointi 14 za PCM, chuo kinataka 2,600,000 kwa semesta ya kwanza. Tuuze ploti?

Kaka wa Mpakani

Habari zenu wakubwa na wadogo. Naomba mawazo maana nyumbani tumeshagawanyika, kila mtu anapiga kelele yake. Mdogo wangu wa kike alimaliza S6, mwaka wa mwisho wa sekondari ya juu, mwaka jana, kombinesheni PCM, yaani Physics, Chemistry na Math. Matokeo yalipotoka akawa na Math B, Physics C, Chemistry D, GP (General Paper) na somo dogo, sub ICT, zote kapita, jumla pointi 14. Kwa shule aliyosoma hiyo si mchezo jamani, ni shule ya day hapa hapa Busia, Uganda, maabara ilikuwa na mizani moja darasa zima, wanapanga foleni kupima chumvi. Na hawa ndio wale watoto wa corona, shule zilifungwa Machi 2020 zikaja kufunguliwa sawasawa Januari 2022, wenzake wengi waliolewa au wakaingia biashara hapo katikati hawakurudi. Kwa hiyo mimi hizo pointi naziheshimu.

Kwenye listi ya wanaolipiwa na serikali jina halikutoka. Tukaomba praiveti, yaani kujilipia wenyewe, chuo kimoja cha serikali huko Kampala kimempa civil engineering, miaka minne. Barua inasema ada ya masomo 1,900,000 kwa semesta halafu kuna zile ada nyingine za chuo wanaziita fankshonali, ukijumlisha vyote semesta ya kwanza inafika 2,600,000. Hapo hajalala wala hajala.

Mama yetu marehemu alituachia ploti moja futi 50 kwa 100 upande wa barabara ya Majanji. Mjomba anasema tuuze, mnunuzi anaye, anatoa milioni 14, na anasema elimu ndio urithi. Shangazi anasema ploti ikiuzwa yeye hakanyagi tena kwangu. Mimi nabadilisha pesa pale mpakani, siku nzuri napata, siku mbaya nakula mtaji, na wadogo wengine wawili bado ninao, mmoja P7, anamaliza msingi mwaka huu.

Sasa: tuuze? Au tuombe huu mkopo wa serikali ambao watu wanausema? Au aende diploma kwanza? Na kitu kingine, shule aliyomaliza wameshikilia slipu yake ya matokeo kwa sababu tunadaiwa 480,000 za term ya mwisho. Matokeo tuliyaona kwa simu tu.

---

Mama Zaituni, Arua

Mwanangu usiuze. Piga hesabu kwanza ndio uwajibu hao wajomba. Ada tupu 1,900,000 mara semesta 8 ni 15,200,000. Ploti ni 14. Yaani hata ukiuza, hata asipokula, hata akilala barabarani, ploti haimalizi ada peke yake! Sasa ongeza fankshonali, ongeza chumba, ongeza basi la kwenda na kurudi, hiyo pesa itakwisha mwaka wa pili na mtoto atarudi nyumbani hana digirii na ninyi hamna ploti. Mimi jirani yangu hapa aliuza ng'ombe wote kwa ajili ya kijana, ng'ombe walikwisha kijana yuko second year, leo anaendesha boda na baba yake hawasalimiani vizuri.

Kitu kinachouzwa mara moja hakiwezi kulipa kitu kinachodaiwa mara nane.

---

Mwalimu wa Chaki

Salaam. Mimi nafundisha HSC, yaani S5 na S6, physics, nimejaza fomu za wanafunzi miaka mingi kwa hiyo acha nieleze hapa kwanza kwa nini serikalini hakutoka, maana wazazi wengi wanadhani pointi 14 ni pointi 14 basi.

Chuo hakiangalii zile pointi zenu za nyumbani. A ni 6, B ni 5, C ni 4, D ni 3, hivyo hivyo mpaka O ambayo ni 1, na GP na sub zinabeba moja moja, ndio maana mtu akifagia zote anapata 20. Lakini wakati wa kuchagua kila kosi ina masomo yake makuu, na hayo mawili yanazidishwa mara 3, la tatu linazidishwa mara 2, GP na sub zinabaki mara 1. Kwa engineering makuu ni Math na Physics. Kwa hiyo mdogo wako: Math 5 mara 3 ni 15, Physics 4 mara 3 ni 12, Chemistry 3 mara 2 ni 6, GP na ICT 2. Jumla 35. Halafu matokeo ya S4, ya kidato cha nne, yanaingia kidogo kidogo, kila distinction 0.3, kila credit 0.2, kila pass 0.1, tuseme zimpe mbili na ushee. Msichana mwekee na 1.5, ile ambayo Makerere ilianza kuwapa wasichana mwaka 1990. Unaona hata hivyo anagonga 38, 39 hivi.

Sasa mtoto mwenye A tatu, na GP na sub kapita, ana 50 kabla hujagusa S4. Na serikali inalipia wanafunzi kama 4,000 tu kwa mwaka nchi nzima, vyuo vyote vya umma, kosi zote, na humo humo ndimo mna nafasi za wilaya, za michezo na za wenye ulemavu. Hao A tatu ndio wanajaa kwanza kwenye civil ya Kampala. Kwa hiyo asijione mjinga, foleni ni ndefu na mlango ni mdogo.

Nafasi za wilaya watu wengi hawazielewi. Zinagawiwa kwa wilaya ya nyumbani, ushindani unakuwa kati yenu wenyewe wa Busia, sio na watoto wa shule kubwa za Wakiso. Lakini hapo pia kuna watu wanaotoka nje na kujiandikisha wilaya ya wengine, hiyo ni kelele ya kila mwaka sitaki kuanza leo.

Sasa swali langu kwako: unakaa Busia, kwa nini mtoto aende Kampala?

---

Kaka wa Mpakani

Mwalimu asante kwa hesabu, hiyo ya kuzidisha mara 3 hakuna mtu aliwahi kutuambia, hata pale shule. Kampala ni kwa sababu ndiko walikomkubali, na pia ni jina, mjomba anasema cheti cha Kampala ni kizito.

---

Mwalimu wa Chaki

Ndugu yangu, Chuo Kikuu cha Busitema kiko wilaya yenu! Makao makuu yake yako pale kwenye barabara kuu ya kwenda Tororo, wewe umepita hapo mara ngapi ukienda Jinja. Ni chuo cha serikali tangu 2007, na kitivo cha engineering ndicho kimekaa pale pale kampasi kuu, si tawi la mbali. Wana Water Resources Engineering, wana kosi ya mashine za kilimo na umwagiliaji, mining, textile, computer. PCM yake inaingia. Water resources na civil ni ndugu wa baba mmoja, mabwawa, mifereji, mabomba, maji ya miji, mambo hayo hayo.

Sisemi ada yake ni bure, hapana. Nasema ada ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni chumba na tumbo na nauli, na hiyo nusu ndiyo inafukuza watoto chuoni. Mtoto akiweza kurudi nyumbani wikendi akachukua mahindi na maharage, umeshapunguza pesa nyingi.

---

Msichana wa Banda

Naomba nithibitishe hiyo ya tumbo maana mimi niko ndani yake sasa hivi, third year, Kampala, civil pia. Ada watu wote wanaijua kwa sababu imeandikwa kwenye barua. Nitawaambia zile zisizoandikwa.

Chumba tunaishi wawili, mtaa wa Banda, si hosteli ni chumba kimoja tu nyuma ya nyumba ya mtu, kila mmoja anatoa 120,000 kwa mwezi na umeme wa yaka, ule wa kulipia kabla, juu. Hosteli yenyewe yenye geti na askari wanataka pesa ya semesta nzima siku unaingia, si kidogo kidogo, hapo ndipo wengi tunashindwa siku ya kwanza. Tunapika kwa sigiri kwenye korido, mkaa ukipanda bei tunakula rolex, chapati ya kuviringisha na mayai, asubuhi na jioni mpaka unachukia mayai.

Halafu engineering ina vitu vyake. First year tulinunua bodi ya kuchorea, T-square, seti ya vyombo, kalkuleta ile ya maana, gambuti za survey. Kila ripoti ya maabara inaprintiwa, na lecha hataki kuiona kwenye simu. Mwisho wa mwaka kuna recess term, wenzako wa kosi nyingine wako nyumbani wewe uko chuoni unachanganya zege, na chumba kinadai kama kawaida. Halafu mafunzo ya kazini, mimi nilipangiwa kwenye saiti ya barabara Mityana, mkandarasi halipi mwanafunzi, chakula cha mchana ni juu yako na nauli juu yako, wengine wanamlipa mkandarasi ili awachukue!! Ukifika mtihani hujamaliza ada hupati permiti, unasimama nje ya chumba cha mtihani unapiga simu nyumbani huku wenzako wameshaanza kuandika. Hiyo nimeiona kwa macho, msichana alikuwa anaongea na mama yake Kilusamia na analia, mimi sikijui lakini nilielewa kila kitu.

Sisemi asije. Mimi napenda kosi yangu. Lakini asije na pesa ya semesta moja akitegemea Mungu atafungua ya pili.

---

Bwana Loni

Wangu, acha niseme mkopo kwa sababu mimi ni mtoto wa huo mkopo. Unaendeshwa na bodi inaitwa Higher Education Students' Financing Board, ilianza na sheria ya 2014. Ni mkopo, si bursary ya bure, watu wengi wanachanganya wanakuja kulia baadaye. Unalipa baada ya kumaliza, wanakupa mwaka mmoja wa kupumua halafu deni linaanza kuhesabu na riba yake.

Unalipa nini: ada ya masomo, fankshonali, na utafiti mwaka wa mwisho, na mwenye ulemavu analipiwa vifaa vyake. Haulipi chumba. Haulipi chakula. Pesa haipiti kwako hata siku moja, inaenda chuoni moja kwa moja, kwa hiyo usidhani utakula humo. Ndio maana maneno ya huyo dada wa Banda yasomeni mara mbili.

Lazima mtoto awe na adimisheni kwanza, bila adimisheni hawakuangalii. Sayansi wanazipenda, engineering iko humo. Wanauliza maisha yenu yote, wazazi wako wapi, mnalala nyumba ya nini, shule aliyosoma ilikuwa ya ada gani, ndugu wangapi wanasoma. Hapo shule ya day ya Busia inakusaidia kuliko yule aliyetoka shule ya milioni tatu kwa term halafu anasema ni maskini. Unahitaji kitambulisho cha taifa, wadhamini, karatasi za matokeo na cheti cha kifo cha mama yenu kama mnacho, kama hamna anza kukitafuta leo maana hiyo nayo ni safari.

Na usidanganye kwenye fomu. Kuna watu wanakuja mpaka kijijini kuuliza, wanamuuliza LC1, mwenyekiti wa kijiji, wanamuuliza jirani. Sisi walikuja, bibi akawapikia kuku, nikasema yaani bibi umeniharibia, wataandika tuna kuku! Lakini nilipata.

Kitu kimoja ambacho hawakwambii: jibu linaweza kutoka wakati masomo yameshaanza. Kwa hiyo semesta ya kwanza lazima uwe na kitu mkononi cha kumwingizia chuo, hata nusu.

---

Digirii za Nini

Digirii zimejaa mtaani, wenye engineering wanauza laini za simu. Uza ploti ununue loli la mchanga.

---

Mama Zaituni, Arua

@Digirii za Nini na hilo loli ataendesha nani, kuna watu mnaingia tu kuvuruga. Kijana hajauliza biashara.

---

Fundi wa Elgon

Sasa mimi nitakwenda upande wa diploma, maana naona watu wanairuka kana kwamba ni adhabu. Mimi nilipata pointi chache kuliko huyo binti. Nilikwenda UTC (Uganda Technical College) Elgon, Mbale, diploma ya civil, miaka miwili. Ziko tano hizi technical college za serikali, Elgon, Lira, Kyema huko Masindi, Kichwamba na Bushenyi, na wakati wetu mitihani yake ilikuwa ya bodi ya taifa, UBTEB, sio ya chuo chenyewe. Kutoka Busia mpaka Mbale si mbali, unapita Tororo umefika. Kuingia diploma kwa mtu wa S6 principal pass moja (A mpaka E) na sub mbili (O) zinatosha, yeye ana principal tatu, anaingia akitembea.

Kilichonisaidia ni hiki. Pale tulikuwa tunashika kazi. Mwaka wa pili najua kusoma dumpy level ya kupimia usawa wa ardhi, najua kupanga nondo, najua kupima slump, ulaini wa zege, bila kuuliza. Nilipomaliza nikapata kazi kwa mkandarasi mdogo wa kalvati huko Bududa, mshahara wa kuchekesha lakini mshahara. Nilifanya kazi, nikaweka, nikaomba chuo kikuu kwa njia ya diploma, maana vyuo vina mlango wa watu wa diploma waliofaulu vizuri, hushindani na hao watoto wa A tatu, mnashindana wenye diploma kwa wenye diploma. Ada ya digirii nililipa mwenyewe. Baba yangu hakuuza hata kuku.

Imenichukua muda mrefu kuliko wenzangu, hilo ni kweli. Waliokwenda moja kwa moja walimaliza mbele yangu. Lakini wawili kati yao niliwakuta saiti wananiuliza mimi kazi inafanywaje.

---

Msichana wa Banda

Fundi nakubali mengi lakini semeni na upande wa pili. Kuna watu wa diploma wengi hawarudi tena kusoma, wanapata mtoto, wanapata madeni, inaishia hapo, na kwa msichana hiyo miaka ya katikati nyumbani watu wanaanza kuleta maneno ya ndoa. Na kusajiliwa injinia kamili na ile bodi ya mainjinia, ERB, inataka digirii, diploma utabaki chini ya sahihi ya mtu mwingine. Kwa mvulana "nitarudi baadaye" ni rahisi kusema.

---

Fundi wa Elgon

Dada hapo umenishika, sina jibu. Kwetu darasani wasichana walikuwa wanne na aliyerudi digirii ni mmoja.

---

Mama Zaituni, Arua

Kaka wa Mpakani mimi nina swali. Tumesikia mjomba, tumesikia shangazi, tumesikia na mwenye loli. Binti mwenyewe anasemaje? Hujamtaja hata mara moja amesema nini.

---

Kaka wa Mpakani

Mama umenibana. Jana usiku nilikaa naye nikamsomea haya yote, yeye ndiye alikuwa anashika simu. Amesema hivi, civil aliiandika kwa sababu ndiyo engineering aliyokuwa anaijua jina. Hiyo ya maji ya Busitema alipoisikia aliuliza kama ndio watu wanaochimba visima. Kwetu Majanji ziwa liko hapo lakini maji ya kunywa ni shida, alikuwa anabeba jerikeni kabla ya shule, kwa hiyo aliichangamkia kuliko nilivyotegemea. Diploma hataki. Amesema sababu kama ile ya dada wa Banda, maana ameshaletewa mtu mmoja mwenye duka la spea na shangazi huyo huyo anayelinda ploti. Mimi sikuwa najua!

Kwa hiyo nimewaambia mjomba na shangazi wote, ploti haiuzwi na binti haolewi, wote wawili wamenuna, angalau sasa wamekubaliana kitu.

Naona tutafanya hivi, tuombe Busitema praiveti, tuombe na mkopo, semesta ya kwanza nitatoa kwenye mtaji wangu na kikundi chetu cha mpakani cha kuweka akiba, zamu yangu inafika mwezi wa nane. Ploti tutaikodisha kwa mtu wa kulima, hata ikitoa kidogo. Shida imebaki slipu. Nilikwenda shule, hedi akasema 480,000 mezani ndio slipu inatoka kwenye droo. Niliiona kabisa, ameifunga na rababendi pamoja na za wengine.

---

Mwalimu wa Chaki

Hiyo droo naijua, kila shule inayo. UNEB, bodi ya mitihani ya taifa, imekuwa ikiwaambia wakuu wa shule kila matokeo yakitoka kwamba matokeo ya mtahiniwa hayashikiliwi kwa sababu ya deni, deni ni kesi kati ya shule na mzazi. Kusema ni jambo moja na droo ni jambo lingine. Na upande wa shule pia niseme, shule ya day mishahara ya walimu wengine wasio wa serikali inatoka humo humo kwenye hizo laki nne, mimi mwenyewe nimewahi kukaa term mbili bila.

Usiende kugombana. Nenda na kitu, hata laki na nusu, na karatasi umeandika utalipa lini na lini, saini wewe na hedi na mtu wa PTA, chama cha wazazi na walimu. Wengi wanatoa hapo. Akikataa, nenda kwa DEO, afisa elimu, pale wilayani, mweleze kwamba mtoto anakosa mkopo wa serikali kwa sababu ya slipu, sema hivyo hivyo, neno mkopo wa serikali linaamsha watu. Na ikishindikana kabisa UNEB wenyewe wanathibitisha matokeo kwa kutumia index number, ila hiyo ni ya kulipia na ni safari ya Kampala, iwe ya mwisho. Ile meseji ya simu haisaidii popote, ni ya kujifurahisha tu.

Na digirii usiwe na wasiwasi, sheria inataka principal pass mbili za kikao kimoja, yeye anazo tatu.

---

Bwana Loni

Nyongeza: mwambie ajaze fomu ya mkopo yeye mwenyewe, wewe kaa pembeni. Mimi kaka yangu alinijazia akaandika tarehe yangu ya kuzaliwa tofauti na ya kitambulisho, tulihangaika. Majina yafanane kila mahali, slipu ya S4, ya S6, kitambulisho, barua ya chuo. Kama kuna mahali ameandikwa jina moja la Kiislamu na mahali pengine la kikabila, rekebisheni mapema.

---

Kaka wa Mpakani

Asanteni sana, kwa kweli. Leo nimepeleka 150,000 na karatasi kama mwalimu alivyosema, hedi amesema atajibu Jumatatu, lakini pesa amepokea na risiti ametoa.

La mwisho. Kuna mtu mjomba alinipa namba yake, anasema anafanya kazi ndani ya chuo, nikimtumia 300,000 kwa mobile money atamtoa mdogo wangu kwenye praiveti amweke kwenye listi ya serikali kabla haijafungwa. Anasema listi ya pili inatoka wiki hii. Anapiga simu kila asubuhi. Nimemwambia nasubiri siku nzuri mpakani. Ni kweli hiyo listi?

---

Msichana wa Banda

MUNGU WANGU. Usitume!!!

---

Mwalimu wa Chaki

Usitume hata mia. Pesa zote za chuo cha umma zinalipwa kwa PRN, ile namba ya malipo inayotoka kwenye mfumo, unaenda nayo benki au unalipa kwa simu kwa PRN hiyo hiyo, haiingii kwenye namba ya mtu. Ukiona namba ya mtu jua ni mwizi. Kila mwaka msimu huu wanakuja, na wanajua majina ya watoto waliokosa kwa sababu listi zinabandikwa.

---

Mama Zaituni, Arua

Huyo mjomba namba ya mwizi aliitoa wapi?

---

Kaka wa Mpakani

Mama, hata mimi nimemuuliza. Anasema alipewa na yule mnunuzi wa ploti.